Bei Moja, Sahani Nyingi: Utangulizi wa Biashara ya Bufe

Katika harusi zetu, foleni ya chakula huwa huru mpaka inapofika kwenye nyama. Wali unajipakulia mwenyewe, ndizi unajipakulia, kachumbari unaongeza upendavyo. Kwenye sinia la kuku unamkuta kijana ameshika koleo, na hapo uhuru wako unakoma: vipande viwili, haya, mwingine apite. Kamati ilishapiga hesabu ya wageni na hesabu ya kuku, na kijana yule ndiye mlinzi wake. Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya koleo lile ameshaonja taaluma ninayomkaribisha, ingawa pengine hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni taaluma.

Tawi la taaluma hiyo tutakalolichunguza ni migahawa ya bufe ya kifamilia yenye matawi mengi, na hiyo inatupeleka Marekani, maana ndiko ilikokua kuwa biashara kubwa. Mwaka 1939, kwenye maonyesho ya dunia ya New York, banda la Sweden lilikuwa na mgahawa ulioitwa Three Crowns, wenye meza ya vyakula iliyokuwa ikizunguka mbele ya wateja. Wamarekani waliupenda mtindo huo wakauchukua. Mwaka 1973 James Maynard na William Carl walifungua Golden Corral mjini Fayetteville, North Carolina. Ulianza kama mgahawa wa steki. Bufe ilikuja baadaye, ikaenea mpaka ikawa ndiyo mgahawa wenyewe. Mwaka 1983, katika jimbo la Minnesota, Roe Hatlen na Dennis Scott walianzisha kampuni ya Buffets, yenye migahawa ya Old Country Buffet. Majina haya mawili yatatufuata hadi mwisho.

Kila mwaka, wanafunzi wapya huniuliza swali moja: akija mtu mwenye njaa ya siku tatu, mgahawa haufilisiki? Nalipenda swali hili, kwa sababu jibu lake linaufungua mlango wote. Mwenye mgahawa hamhesabu mlaji mmoja mmoja, anahesabu meza nzima. Kijana wa miaka kumi na saba atarudi kwa kuku mara nne, lakini amekuja na bibi yake, ambaye supu na kipande cha mkate vinamtosha, na mdogo wake, ambaye macho yake yako kwenye aiskrimu tu. Bei imepangwa kwa wastani wa hao wote. Ndiyo maana biashara hii inaitwa ya kifamilia, na ndiyo maana Old Country Buffet walikuwa wakimtoza mtoto kulingana na umri wake: mtoto wa miaka mitatu si sawa na wa miaka kumi.

Halafu kuna mpangilio wa meza, ambao kwangu ni sanaa kamili. Saladi, supu, mikate na viazi ndivyo unavyovikuta kwanza. Nyama iko mbali, na mara nyingi inakatwa na mpishi aliyesimama nyuma ya meza, ndugu yake yule kijana wa koleo. Macho hayana pazia. Mtu akishaona anapakua, na akifika kwenye nyama sahani imeshajaa. Migahawa mingine iliacha mstari mmoja mrefu na kuzigawa meza kuwa visiwa, ili anayetaka mboga asisubiri nyuma ya anayechagua mapaja. Visiwa vinapunguza foleni, ila vinamkabidhi mteja uhuru wa kuanza na nyama. Mwenye mgahawa analazimika kuchagua, na sijaona chaguo lisilo na gharama.

Usalama wa chakula nao una sura yake humu. Kanuni za chakula za Marekani zinataka cha moto kikae kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, na cha baridi kisizidi nyuzi 5. Kioo kinachokinga chakula dhidi ya chafya za wateja kilipatiwa hataza mwaka 1959 na Johnny Garneau, ambaye mwenyewe alikuwa na mgahawa wa kujipakulia. Kifaa kidogo, lakini bila kinga ya namna hiyo nani angempeleka mtoto wake mezani pale?

Sasa nifike kwenye jambo linaloufanya utafiti huu unishike moyo. Bufe haiuawi na mlaji mkubwa. Inauawa na viti vitupu. Mgahawa wa kawaida wateja wakipungua, mpishi anapika sahani chache. Bufe haiwezi, kwa sababu meza lazima ionekane imejaa hata saa moja kabla ya kufunga. Sinia lililobaki na vipande vitatu vilivyokauka linamfukuza mteja wa kesho. Tuseme chakula kinachobaki mezani kila usiku kina thamani ya dola 400. Wakija watu 400, kila mmoja amebeba dola moja ya hasara hiyo. Wakija 100, kila mmoja amebeba dola nne, na faida ya siku imeishia hapo. Njia ya kujiokoa ni kupika kidogo kidogo, sinia dogo likiisha linaletwa lingine, lakini hilo linahitaji mpishi mwenye jicho la kuhisi ukumbi. Mpishi wa namna hiyo namheshimu kama ninavyomheshimu nahodha.

Ukishaielewa hesabu hiyo, historia ya kampuni ya Buffets inasomeka wazi. Mwaka 2006 iliinunua Ryan's, kampuni nyingine ya bufe, kwa mkopo mkubwa, ikawa na migahawa zaidi ya 600. Mkopo hulipwa viti vikijaa na hulipwa viti vikiwa vitupu. Bufe haina nafasi ya kubeba mizigo miwili isiyopungua. Januari 2008 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, Januari 2012 ikarudi, na Machi 2016 ikarudi mara ya tatu. Kila mara matawi yalifungwa, na nyuma ya kila tawi kulikuwa na waosha vyombo, wapishi na wahudumu waliowajua wateja wa Jumapili, wale wanaotoka kanisani, kwa majina. Naumia ninapoona vitabu vya biashara vikilitaja tukio hilo kwa tarakimu tu.

Mwaka 2020 korona iliviacha viti vyote vitupu kwa mpigo. Souplantation, iliyoanza San Diego mwaka 1978, ilitangaza mwezi Mei kwamba migahawa yake 97 haitafunguliwa tena. Golden Corral iliyumba, baadhi ya matawi yakafa, lakini jina likabaki na meza zikarudi. Kwa nini mmoja alizama na mwingine akaelea ni swali lililoichukua sehemu yote ya pili ya somo.

Tutaanzia mbali na meza, kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Pale sahani zinarudi, na pale unaona walichokipakua watu wasikile. Njoo na kalamu, mizani, na viatu visivyoteleza.