Barabara ya Mawenzi: Mahali Mlima Unapokutana na Soko

Barabara ya Mawenzi ni kitovu cha biashara katika mji wa Moshi, makao makuu ya Mkoa wa Kilimanjaro. Inaanzia karibu na Mnara wa Saa, inateremka kuelekea kusini na kupita stendi ya mabasi. Pamoja na mitaa inayoizunguka, na masoko mawili yaliyo umbali wa kutembea kwa miguu, inafanya eneo ambalo mgeni anaweza kulizunguka kwa siku moja. Wasafiri wengi hulala Moshi usiku mmoja tu kabla ya kupanda Mlima Kilimanjaro, na hapo hukosa jambo kubwa: ni katika mitaa hii ndipo inapoonekana wazi jinsi mlima unavyoulisha mji, na jinsi mji unavyowahudumia watu wa mlimani.

Moshi ya awali haikuwa hapa. Ilikuwa juu mlimani, penye himaya ya Mangi Rindi, na ndiko Wajerumani walikojenga boma lao. Sehemu hiyo sasa inaitwa Old Moshi. Mwaka 1911 reli iliyotoka Tanga ilifika katika tambarare iliyo chini ya mlima, na shughuli za serikali na biashara zikaifuata stesheni. Wafanyabiashara wenye asili ya India walifungua maduka yenye baraza pana mbele, na mengi ya majengo ya aina hiyo bado yapo. Mwaka 1929 reli ikaendelea hadi Arusha.

Kilichoujaza mji huu fedha ni kahawa. Wakulima wa Kichagga waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake lipo karibu na Mnara wa Saa. Malipo ya kahawa yalipotoka, familia zilishuka mjini kununua mabati, majembe na nguo, na kuweka akiba ya ada za shule. Mpaka leo Bodi ya Kahawa Tanzania ina makao yake Moshi.

Eneo la Mnara wa Saa ni la benki, ofisi za safari na maduka yanayokodisha viatu, makoti mazito na mifuko ya kulalia kwa wapanda mlima. Kadiri mtu anavyoteremka, wateja wanabadilika na bidhaa zinabadilika. Yanafuata maduka ya vifaa vya ujenzi, pembejeo za kilimo, simu na vitambaa. Misikiti na hekalu la Kihindu vipo katikati ya pilika hizo hizo.

Barazani mwa maduka ya vitambaa wamekaa mafundi cherehani. Mteja hununua doti ya khanga au kipande cha kitenge ndani ya duka, akitoka mlangoni anamkuta fundi na cherehani yake ya miguu. Fundi anapima kwa futi, anaandika vipimo kwenye daftari, anachora kwa chaki na kukata. Mshono mwepesi huweza kumalizika mteja akiwa bado anazunguka mjini. Mwenye duka na fundi wanategemeana: mmoja akikosa wateja, mwingine naye anakosa.

Soko Kuu liko karibu na stendi, na ndizi ndiyo malkia wake. Hushushwa alfajiri kwa magari ya abiria na ya mizigo kutoka Kibosho, Uru, Machame, Marangu na Old Moshi, ambako familia hulima migomba, kahawa na maharage kwa pamoja katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Wauzaji wengi ni akina mama, na kila aina ya ndizi wanaijua kwa kazi yake. Mchare hupikwa mtori na machalari. Mzuzu hukaangwa au huchomwa. Kisukari huliwa ikiwa mbivu. Anayetaka kununua mkungu hutazama unene wa ndizi na kikonyo kilipokatwa. Utomvu ukiwa bado mbichi, mkungu umekatwa karibuni. Hupatikana pia magadi ya kupikia kiburu, ulezi wa kutengenezea mbege, na magome ya msesewa yanayoipa pombe hiyo uchungu wake.

Soko la Mbuyuni ndilo soko la tambarare. Hapa nafaka zimerundikwa kwenye magunia na kupimwa kwa sado au debe. Mchele hutoka Mabogini na Chekereni, katika mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1987. Samaki wakavu hutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na tangawizi hutoka milima ya Same. Kwa nguo za mitumba, wenyeji huelekea soko la Memorial au Kiboriloni.

Wakati mzuri wa kutembelea ni asubuhi. Bidhaa huwa bado mbichi, na kilele cha Kibo mara nyingi huonekana kabla mawingu hayajakifunika. Salamu hutangulia bei: anayeanza kwa "Shikamoo, mama" au "Habari za asubuhi" husikilizwa vizuri zaidi kuliko anayeuliza bei moja kwa moja. Kupunguziwa ni kawaida sokoni, na anayenunua kwa sado huomba nyongeza mwishoni. Picha hupigwa kwa ruhusa. Taka hazitupwi ovyo, kwani Moshi inajulikana nchini kwa usafi na imewahi kushinda mashindano ya kitaifa ya usafi wa miji.

Biashara hubadilika kwa misimu. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huharibu njia za mlimani na kupunguza mizigo. Kilele cha biashara ni Desemba, Wachagga wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Mabasi hujaa, na mahitaji ya nyama, mchele na vinywaji hupanda, na bei hupanda pia. Januari ikifika, wageni huwa wameondoka, na maduka ya Barabara ya Mawenzi huanza kuuza daftari, viatu na sare za shule.