Mwalimu Apite, Chuo Kibaki

Kila inapozungumzwa habari ya kuwafundisha vijana wetu michezo ya kujihami, husikika sauti ya wazazi ikiuliza: Je, tunalea walinzi wa taifa au tunafuga wakorofi? Swali hili ni la haki, wala halifai kubezwa. Hapa Bondeni, toka Ipinda hata Matema, mzazi aamkaye alfajiri kwenda kwenye mpunga au kakao hana nafasi ya kumchunga kijana ambaye ngumi zake zimetangulia akili zake. Kwa hiyo leo tumependa kuwaeleza ndugu wanachama na wafanyakazi maisha ya mtu mmoja wa nchi ya mbali, Jenerali Choi Hong Hi wa Korea. Maisha yake yanalijibu swali hilo, tena yanatuzulia swali jingine lililo zito zaidi.

Choi alizaliwa mwaka 1918 huko Hwadae, mahali ambapo leo pamo katika Korea ya Kaskazini. Wakati huo Korea yote ilikuwa chini ya Wajapani, walioitawala toka mwaka 1910 hata 1945. Sisi ambao nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Waingereza, hatuhitaji kuelezwa mengi juu ya hali hiyo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwa mtoto dhaifu wa mwili, na mwalimu wake wa kuandika kwa brashi, Han Il Dong, ndiye aliyemwonyesha kwanza taekkyon, mchezo wa zamani wa Wakorea wa kupigana kwa miguu. Mwaka 1937 alikwenda Kyoto, Japani, kusoma, na huko akajifunza karate mpaka akavaa mkanda mweusi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajapani walimtia jeshini. Akashtakiwa kwa njama ya kuasi, akafungwa Pyongyang, na akatoka gerezani mwezi wa Agosti 1945, Wajapani waliposhindwa.

Mwaka 1946 aliingia katika jeshi jipya la Korea ya Kusini, akapanda hata cheo cha jenerali, na popote alipokuwa aliwafundisha askari wake kujihami. Lakini hakuridhika kwamba taifa lililojikomboa liendelee kuuita mchezo wake kwa jina la mtawala. Ndipo mwaka 1955 lilipokubaliwa jina la taekwondo: tae ni kupiga kwa mguu, kwon ni ngumi, na do ni njia. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mchezo huo hapo mwanzo ilitoka katika karate, na ukweli haufichwi. Lakini Choi na wenzake, hasa Nam Tae Hi, waliugeuza kidogo kidogo ukawa na sura ya kwao.

Tazameni busara yake. Alipanga taratibu 24 za miondoko ya kufanyia mazoezi, na nyingi akazipa majina ya mashujaa wa Korea. Utaratibu mmoja una miondoko 32, kumkumbuka Ahn Joong-gun, mzalendo aliyemwua kiongozi wa Kijapani Ito Hirobumi mwaka 1909, akanyongwa mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 32 kwa hesabu ya Kikorea. Mwingine una miondoko 33, ukumbusho wa wazalendo 33 waliotia sahihi tangazo la uhuru la tarehe 1 Machi 1919. Kwa njia hiyo kijana aliyejifunza kurusha teke alijifunza pia historia ya nchi yake. Tena mwanafunzi alitakiwa kushika mambo matano: adabu, uadilifu, uvumilivu, kujizuia, na moyo usiokubali kushindwa. Hapo wazazi wanapata jibu lao. Anayefunza ngumi peke yake anafuga mkorofi. Anayefunza ngumi pamoja na njia analea raia.

Sasa twende kwenye swali la pili. Mwaka 1962 Choi alipelekwa Malaysia kuwa balozi, na huko pia alieneza mchezo wake. Mwaka 1966 aliunda mjini Seoul shirikisho la kimataifa la taekwondo, likiwa na nchi 9, na Misri ya bara letu ikiwa mojawapo. Lakini yeye na serikali ya Rais Park Chung-hee hawakuelewana, na mwaka 1972 alihamia Kanada, akaondoka na shirikisho lake. Mwaka 1973 wenzake waliobaki Seoul waliunda shirikisho jingine, chini ya Kim Un-yong. Mwaka 1980 Choi alikwenda na kikosi cha walimu Korea ya Kaskazini, na Kusini wengi wakamhesabu kuwa msaliti. Mchezo mmoja, mashirikisho mawili!

Taekwondo ilipoingia rasmi katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, iliingia kwa kanuni za shirikisho la Seoul, si za mzee aliyelitangaza jina lake duniani. Choi alifariki Pyongyang tarehe 15 Juni 2002. Kabla udongo wa kaburi lake haujakauka, shirikisho lake lenyewe lilikuwa limegawanyika mafungu matatu, na moja likiongozwa na mwanawe. Ilingoja mpaka mwaka 2014 ndipo shirikisho la Seoul na fungu lililofungamana na Pyongyang waliposaini mapatano ya kushirikiana.

Hata hivyo mbegu njema haikupotea. Mwaka 2016 huko Rio, Cheick Sallah Cissé alirusha teke katika nukta ya mwisho, akaipatia Ivory Coast medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya Olimpiki. Jirani zetu wa Kenya walimpeleka Faith Ogallo kwenye michezo ya Tokyo mwaka 2021. Waafrika wanaweza, hilo halina ubishi tena.

Lakini ni nani atakayekabidhiwa? Katika jambo hili wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na hekima ambayo jenerali yule aliikosa. Zamani wavulana wa miaka kumi hivi waliondoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga kijiji chao cha rika moja, wakajifunza kuishi kwa ujirani mwema. Wakati ulipotimia, wazee waliitisha sherehe, wakawakabidhi nchi wangali hai, mbele ya macho ya watu wote. Hakuna aliyengoja msiba ili ajulikane mrithi.

Basi twawaambia ndugu zetu wenye kufundisha vijana, iwe mpira, iwe ngumi, iwe taekwondo, na hata viongozi wa matawi na vyama vya ushirika: usijenge chuo ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwako tu. Andikeni katiba. Wekeni hesabu ya michango wazi. Mpeni kijana mmoja au wawili darasa la kufundisha wakati mwalimu angali na nguvu za kuwasahihisha. Mkitofautiana, tofautianeni ndani ya kikao, wala msitoke na nusu ya wanafunzi kwenda kufungua chama kingine ng'ambo ya barabara.

Sisi twaamini kwamba mwalimu apimwe kwa kile kinachosimama baada yake, si kwa idadi ya watu wanaomsujudia. Choi aliwapa Wakorea jina na njia. Lililomshinda ni kukabidhi. Tuchukue jema lake, na hilo lililomshinda tulifanye sisi.