Kutafuta Utulivu: Yaliyo Kweli na Yasiyo Kweli

Mtu akisema kichwa kimechoka, ushauri humjia kutoka kila upande. Nenda Zanzibar ukapumzike. Tafuta kitabu usome. Weka maua sebuleni. Ushauri wenyewe si mbaya, lakini umezungukwa na madai ambayo watu huyarudia bila kuyapima, na madai hayo yana madhara yake. Humfanya aliyepanga chumba kimoja Manzese aamini kwamba kutulia na kuwaza ni mambo ya watu wengine, wenye nauli na wenye bustani. Siamini hivyo hata kidogo. Ndiyo maana nimeyachukua yale yanayosikika zaidi niyapime.

"Huwezi kutafakari sawasawa mpaka uondoke nyumbani."

Si kweli, na ushahidi tunao katika fasihi yetu wenyewe. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ulitungwa yapata miaka 200 iliyopita, na hadi leo sijui tungo ya Kiswahili inayomkalisha mtu chini akajihoji kama hiyo. Mshairi hakwenda ng'ambo kutafuta la kuwaza. Aliitazama Pate, mji uliokuwa na utajiri wake katika visiwa vya Lamu na ambao sasa ulikuwa umeporomoka. Anauita moyo wake mwenyewe, anausuta, anauamuru uangalie. Na anachouonyesha si maneno ya jumla kuhusu dunia na upitaji wake. Anauonyesha vitu vya ndani ya nyumba: taa zilizokuwa zikiwaka, vitanda vya fahari, vyombo vilivyopangwa kwenye zidaka. Kisha anauonyesha zidaka zilezile zikiwa malazi ya makinda ya ndege, na popo wananing'inia juu.

Ukiingia leo katika nyumba ya mawe ya Lamu utaziona zidaka hizo ukutani, safu juu ya safu, zimechongwa kwa chokaa kwa ustadi wa ajabu. Ni vijishubaka vya kuwekea sahani na bakuli. Sayyid Abdalla alitosheka na vijishubaka hivyo kuwaza juu ya mauti, mali na kiburi cha binadamu.

Ulaya nako kuna mfano. Mwaka 1790 ofisa wa jeshi aitwaye Xavier de Maistre alizuiliwa chumbani mwake huko Turin kwa siku 42 kwa sababu ya kupigana kwa silaha. Akaandika kitabu kizima kuhusu safari ya kukizunguka chumba hicho, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi kwenye picha za ukutani, kama vile wengine walivyoandika kuhusu mabara.

"Likizo ikiisha, utulivu wake hubaki nawe."

Kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya watu wazima 1,500 nchini Uholanzi. Waliokuwa wanajiandaa kusafiri walikuwa na furaha kuliko wasiosafiri, lakini kabla ya safari. Walikuwa wakiifaidi kwa kuingojea. Waliporudi, tofauti ile haikuonekana tena, isipokuwa kwa wale waliosema safari yao ilikuwa tulivu sana, na hata hao nafuu yao ilififia baada ya wiki kadhaa.

Hapo kwenye utulivu wa safari ndipo penye jambo. Tazama ratiba za safari za Zanzibar tunazouziwa: asubuhi kisiwani Changuu kwa kobe, mchana mashamba ya viungo, jioni Nungwi kwa machweo, usiku Forodhani, kesho yake boti ya kurudi Dar. Mtu anarudi na picha mia moja na uchovu mpya juu ya ule wa zamani. Kama unasafiri ili utulie, chagua mahali pamoja, ukae, upachoke kidogo, kisha uanze kupaona. Ningependa kampuni za utalii wa ndani zithubutu kuuza safari ya namna hiyo, siku zote mahali pamoja.

"Hifadhi za taifa ni za kuona simba na tembo."

Si kweli. Panda Nyanda za Juu Kusini ufike Kitulo, kati ya Mbeya na Njombe, kwenye uwanda wa mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Inakadiriwa kuwa na aina 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi.

Maua hayo huja na mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayetaka kuyaona akubali matope, ukungu na baridi. Wanyama wakubwa ni wachache, na hilo ndilo linalomfaa mtu anayetaka kutulia, kwa sababu unatembea kwa miguu. Katika hifadhi nyingine, ndani ya gari unatafuta mnyama, na dereva ana simu inayomwambia chui yuko wapi. Kitulo hakuna cha kukimbilia. Unainama. Okidi nyingine ni ndogo kiasi kwamba ukipita kwa haraka utazikanyaga, na ukiinama utaona mdomo wa ua una madoa, na nyuma yake kuna kijimrija chembamba chenye nekta inayowangoja wadudu.

Niseme na la uchungu. Okidi hizo zina viazi chini ya ardhi, na viazi hivyo vimekuwa vikichimbwa kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia kutengenezea chakula kinachoitwa chikanda. Kuchimba kiazi ni kuua mmea wenyewe. Anayeipenda Kitulo na aipende pamoja na habari hiyo.

"Dakika sita za kusoma hupunguza msongo wa mawazo kwa asilimia 68."

Takwimu hii imezunguka dunia nzima na sasa imefika kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Inatokana na jaribio dogo la mwaka 2009 nchini Uingereza, lililogharimiwa na kampuni ya chokoleti iliyokuwa kwenye kampeni ya kugawa vitabu, na halikuwahi kuchapishwa kwenye jarida la kitaalamu ambako wataalamu wengine wangelikagua. Sina ugomvi na kusoma. Maisha yangu yamejengwa juu yake. Lakini kitabu hakihitaji kupimwa kama dawa ya maumivu ili kiwe na thamani, na anayekifungua akihesabu dakika sita hajakifungua.

"Kitabu ukishakisoma umemaliza nacho."

Hapana! Na dai hili linanikera kuliko yote, kwa sababu shule zetu ndizo zilizolipanda. Tulisoma vitabu kwa ajili ya mtihani: wahusika, dhamira, tamathali za usemi, basi. Chukua Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Mwanafunzi hukariri kwamba Karama alishtakiwa, na kwamba katika kujitetea alisimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Akishayaandika majina hayo kwenye karatasi ya mtihani, kitabu kinarudi kabatini.

Kisome tena ukiwa na umri wa kufanya kazi, kulea, na kunyamazishwa mahali fulani. Wajumbe wale walitumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Walikwenda mbali, wakaona mengi, wakarudi na mambo ya manufaa kwa nchi yao, na nchi yao ikawalipa kwa adhabu. Kijana wa kidato cha tatu hulipita jambo hilo. Mtu wa miaka 40 hulisoma akaweka kitabu magotini na kukaa hapo muda mrefu. Kitabu ni kilekile. Wewe ndiye uliyesafiri kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Kwa mtu asiye na fedha nyingi za vitabu hii ni habari njema, maana vitabu vitatu vinavyorudiwa vinaweza kumtosha mwaka.

Na si lazima usome kimya. Tenzi zetu zilitungwa zipate kusikika, na familia nyingi za pwani zilizijua kwa sikio kabla ya jicho. Kumsomea mama mzee kurasa mbili baada ya isha ni tafakuri ya watu wawili.

"Maua ya ndani ni mambo ya Wazungu."

Si kweli, na anayesema hivyo hajawahi kukaa na wanawake wa Unguja, Mombasa au Lamu jioni ikiingia. Asumini hufunguka jua linapozama, kwa hiyo machipukizi huchumwa yakiwa bado yamefumba, meupe, marefu kama ncha ya kalamu. Hutungwa kwenye uzi kuwa koja, au huunganishwa kuwa kikuba pamoja na majani ya mrehani, vipande vya mkadi, langilangi na kilua. Vidole vya anayejua hufanya kazi hiyo bila kutazama, na mazungumzo hupungua yenyewe kadiri sinia linavyopungua maua. Kikuba hubandikwa nguoni au nyweleni, na asumini hutandazwa kitandani. Usiku ukiendelea yale machipukizi yaliyofumba hufunguka, na chumba chote hunukia. Huu ni utamaduni mzima wa kuishi na maua ndani ya nyumba.

Tena lipo ua la chungu lililotoka kwetu likaenda kukaa madirishani kwao. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alikuta katika milima ya Usambara ua dogo la rangi ya zambarau lenye majani ya manyoya, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo linauzwa Ulaya na Marekani kama ua la kawaida kabisa la nyumbani, na wengi wanaolimwagilia kila wiki hawajui kwamba asili yake ni miamba yenye kivuli na unyevu mkoani Tanga, katika misitu inayozidi kukatwa.

"Mimea ya ndani husafisha hewa."

Si kwa kiwango cha maana. Dai hili limetokana na majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, yaliyochapishwa mwaka 1989. Yalifanywa ndani ya makasha yaliyofungwa kabisa, na nyumba yako haikufungwa hivyo. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio ya miaka mingi wakaona kwamba ili mimea ifanye kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Fungua dirisha.

Lile dai la pili, kwamba mmea chumbani huiba oksijeni usiku na kumdhuru aliyelala, nalo si kweli. Kinachotumiwa na mimea michache ni kidogo mno. Anayelala ubavuni mwako anatumia zaidi.

"Kuona kijani humtuliza mtu."

Kweli, kwa kiasi chake. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa kifuko cha nyongo. Waliolala vyumba vyenye dirisha linalotazama miti walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo, na kwa wastani waliruhusiwa mapema kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Tofauti ya siku za kulazwa haikufika siku moja, na wagonjwa walikuwa 23 kila upande. Ni ushahidi mdogo lakini wa kweli, na natamani kila anayechora ramani ya wodi awe ameusoma.

"Nikipata tu nafasi ya kukaa peke yangu, nitatulia."

Wengi wetu hujiambia hivi, na si kweli. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake waliwaweka watu peke yao chumbani, bila simu wala kitabu, kwa dakika kati ya 6 na 15, wawaze tu. Wengi hawakupenda. Katika jaribio moja waliachiwa kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo awali walisema wangelipa pesa kuiepuka. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24.

Akili ikiachwa tupu hutafuta hata maumivu. Inahitaji pa kujishikiza: ukurasa, njia ya kupita kwa miguu, uzi na maua ya kutunga. Ndiyo sababu mambo haya matatu yamedumu katika nchi nyingi na dini nyingi, na ndiyo sababu pia hayahitaji nafasi kubwa. Ua la Usambara linatosha kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Kitoboe chini, uliweke mahali penye mwanga lakini jua lisilifikie moja kwa moja, na maji uupe udongo, usiyamwagie majani, kwa sababu yataota madoa. Kikombe kikiwa dirishani na kitabu kikiwa magotini, acha simu chumba kingine. Na kama chumba ni kimoja tu, mpe jirani aichaji.