Je, Wajua? Kamera Yafukua Yaliyozikwa

Je, wajua kwamba mwaka 1956 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alisimama Umoja wa Mataifa akaeleza jinsi Watanganyika walivyopigana kuukataa utawala wa Wajerumani? Ilikuwa miaka 5 kabla ya uhuru.

Kwamba Vita vya Maji Maji (1905–1907) vinakadiriwa kuua hadi watu 300,000? Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula.

Kwamba nduna wa Wangoni, Songea Mbano, alinyongwa mwaka 1906, na ukoo wake bado unatafuta kichwa chake? Wanaamini kilipelekwa Ujerumani.

Kwamba msako huo umekuwa filamu? *The Empty Grave* (2024), ya Mtanzania Cece Mlay na Mjerumani Agnes Lisa Wegner, inamfuata kitukuu wa Songea, mwanasheria John Mbano, na mkewe Cesilia Mollel, kutoka Songea hadi Berlin. Inafuata pia ukoo wa Kaaya wa Meru, wenye msiba wa namna hiyohiyo.

Kwamba Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha?

Kwamba Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na wenzake 18? Mjukuu wake, Isaria Meli, alitafuta kichwa cha babu yake kwa miongo kadhaa.

Kwamba kamera nayo hulaumiwa? *Africa Addio* (1966), filamu ya Waitaliano, ina picha za mauaji ya wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 zilizopigwa kutoka angani. Imeshutumiwa kwa ubaguzi, lakini watu hadi leo huzirejea picha zake.

Kwamba Mkoa wa Mara nao una alama za utawala huo wa Wajerumani? Wilayani Serengeti, yapo magofu ya ngome ya Wajerumani ya Ikoma.

Msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama, usingoje mtu atoke Berlin. Simu yako inatosha. Mketishe babu au bibi kivulini, mwache asimulie kwa Kizanaki, Kijita, Kiikizu au Kikurya. Mwulize majina ya watu na ya vijiji, kisha mpe mjukuu mwingine nakala. Simu ikiharibika, simulizi lisipotee.