Puti ya Motokaa: Jinsi ya Kuichagua na Kuitumia Kabla ya Kupaka Rangi

Motokaa ipandayo na kushuka katika njia za milima ya Mbulu haikosi alama. Jiwe hurushwa na gurudumu, tawi hukwaruza mlango, na wakati wa mvua ubavu huteleza ukagonga ukingo. Mtu wa Masieda achukuaye mahindi au vitunguu saumu sokoni huambiwa na fundi: "Tutaziba kwa puti, kisha tutapaka rangi." Neno hili si baya, lakini puti ikitumiwa vibaya, rangi hung'aa kwa miezi michache tu, na chini yake bati linaliwa.

Kabla ya miaka ya 1950 mafundi walijaza mabonde ya bati kwa mchanganyiko wa risasi ulioyeyushwa kwa moto. Kazi ile ilitaka ustadi mwingi, na risasi ni sumu. Puti ya siku hizi ni gundi ya poliesta iliyochanganywa na unga laini wa mawe, nayo haigandi vema mpaka itiwe hadena.

Ziko aina tatu zitumikazo sana. Ya kwanza ni puti ya kawaida, kwa mibonyeo midogo. Ya pili ina nyuzi za kioo. Ni ngumu zaidi, nayo yafaa juu ya mahali palipochomelewa. Ya tatu ni puti laini, ya kuziba vitundu vya mwisho. Lakini hakuna puti iponyayo kutu. Palipoliwa na kutu hukatwa, pakachomelewa bati jipya. Na vyuma vibebavyo gari visizibwe kwa puti kamwe, kwa kuwa roho za watu zi juu yake.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza fundi anyoshe bati kwa nyundo, hata bonde lililosalia lisizidi milimita 5 hivi. Kisha aondoe rangi na kutu kwa msasa namba 80, afute mafuta na vumbi. Kwa gramu 100 za puti, gramu 2 za hadena hutosha kwa kawaida. Lakini maandishi ya kopo ndiyo yafuatwe. Achanganye kwa kukandamiza, asikoroge kwa nguvu, hewa isije ikaingia. Rangi ya mchanganyiko iwe moja pote. Apake upesi, tabaka nyembamba nyembamba, maana baada ya dakika chache huanza kuganda.

Katika baridi ya Juni na Julai puti hukawia kukauka. Wengine huzidisha hadena. Hilo ni kosa, kwani hadena ikizidi hupenya na kutia madoa katika rangi. Afadhali gari lianikwe juani kwanza.

Puti ikikauka, isuguliwe kwa msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, bila maji. Maana puti hunywa maji, na maji huzaa kutu. Fundi afunike pua na mdomo kwa sababu ya vumbi. Mwisho ipakwe praima, ndipo rangi.

Naye anunuaye gari kuukuu achukue sumaku ndogo, aiviringishe kitambaa chembamba, aipitishe juu ya bati la chuma. Isiposhika, huenda pana puti nene. Hapo aulize kabla ya kutoa fedha yake.