Sahani ya Mwanafunzi Huko Meru na Embu



Kila mwaka watoto wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu hupanda mabasi kwenda kusoma bara. Wengine hupangiwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru kando ya barabara iendayo Maua. Wengine Chuo Kikuu cha Embu. Muhula ukimalizika hurejea wamekonda, na mama husema: "Huko hakuna chakula."

Kauli hiyo si ya haki. Nchi ile ina neema ya ndizi, nduma, maharagwe, parachichi na maziwa. Na pojo, ambazo wenyeji huziita ndengu, hulimwa kwa wingi huko Mbeere. Tulipozungumza na vijana kadhaa wakati wa likizo, tuliona tatizo liko kwingine.

Lipo la fedha, wala si uchache wake pekee. Mkopo wa HELB huingia kwa mkupuo. Wiki za mwanzo ni kuku na chipsi, za mwisho ni chai na andazi. Lipo pia la shaka. Kijana asiyemjua mchinjaji huiacha nyama, na amefanya vyema, lakini badala yake hununua soda na mkate, ilhali githeri ni mahindi na maharagwe tu.

Kisha kuna muguka wa Embu na miraa ya Meru. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Mambo ya sheria tunawaachia mawakili. Tunalolijua ni kwamba atafunaye jioni nzima haoni njaa wala usingizi, na asubuhi huingia darasani tumbo tupu.

Lililotuuma zaidi ni letu sisi akina baba. Binti hufunzwa jiko. Mvulana tumemlea sahani ikimfuata alipoketi. Akifika kule hajui hata kuroweka maharagwe. Na miji ile iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa joto pungufu kuliko huku Pwani, basi maharagwe hukawia kuiva na gesi humalizika. Akishindwa mara mbili, sufuria huwekwa chini ya kitanda.

Tuliwapata vijana wanne waliopanga chumba kimoja, wanakula bia (ya kuchangiana, si ile nyingine). Siku mkopo uingiapo kila mmoja hutoa fungu lake, wakanunua mchele, pojo na mafuta ya muhula mzima. Nazi hutoka nazo nyumbani. Anayewaongoza jikoni ni mmoja wao ambaye mamake huuza mahamri na mbaazi, naye tangu udogoni alikuwa akimsaidia. Wenzake watatu walikiri kwamba kabla ya kufika Meru hawakuwahi kuikalia mbuzi wakakuna nazi.