Datsun ya Ulaya, Datsun ya Marekani: Je, ni gari moja?

Fundi hodari wa magari mjini Migori au Homa Bay ana swali analouliza kabla hajagusa spana: "Gari hili ni la wapi?" Haulizi ni la nani wala lilinunuliwa pesa ngapi. Anataka kujua lilitengenezewa nchi gani. Huenda wewe uliyezoea mjini ukadhani hayo ni maringo ya fundi. La hasha! Magari mawili yanaweza kuwa na jina moja, sura moja na hata kutoka kiwanda kimoja, lakini ndani yakawa tofauti kama mtu na binamu yake. Asiyelijua hilo hulipia ujinga wake, na mara nyingine halipi kwa fedha tu.

Ili tuelewane vyema, hebu tuliangalie gari moja ambalo wazee wetu walilishangilia sana kando ya barabara wakati wa Pasaka. Hilo ni Datsun 240Z.

Shujaa wa Safari

Mwaka 1971, Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya mwenye asili ya Kijerumani, alishinda mbio za East African Safari akiwa na msomaji ramani wake, Hans Schüller, ndani ya Datsun 240Z. Nafasi ya pili ilinyakuliwa na gari kama hilo hilo, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Mike Doughty. Miaka miwili baadaye, 1973, ilikuwa zamu ya Mehta kushinda. Safari hiyo alikuwa na Lofty Drews, na ushindi ulikuwa wa nywele, kwani alifungana kwa pointi na Harry Källström wa Uswidi aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, 1800 SSS. Mehta alishinda mbio hizo mara 5 kwa jumla, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Basi jina la Datsun likakaa vinywani mwa watu. Lakini je, 240Z ile iliyotimua vumbi letu ndiyo ile ile iliyouzwa California, au ile iliyouzwa London? Jibu ni hapana.

Jina moja, nyuso tatu

Kampuni ya Nissan ililizindua gari hili Oktoba 1969. Nyumbani Japani liliitwa Fairlady Z, na injini yake ya kawaida ilikuwa ya lita 2 tu. Sababu ilikuwa kodi. Serikali ya Japani ilitoza kodi nzito gari lolote lenye injini iliyozidi sentimita 2,000 za ujazo, kwa hivyo wahandisi wakabaki chini ya mstari huo. Vioo vya pembeni navyo viliwekwa mbele kabisa, juu ya mabawa ya gari, kwa vile ndivyo sheria ya huko ilivyotaka wakati huo.

Marekani mambo yalikuwa mengine. Yutaka Katayama, aliyesimamia biashara ya Nissan nchini humo, aliona kwamba mwanamume wa Kimarekani hatanunua gari la mbio lenye jina la bibi mrembo. Akaamuru jina la Fairlady libanduliwe na mahali pake pawekwe 240Z. Tarakimu hizo zilimaanisha injini ya lita 2.4, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na nguvu za farasi 151 kwa hesabu ya Wamarekani ya siku hizo. Bei yake ilikuwa dola 3,526, chini sana ya Porsche 911 au Jaguar E-Type. Wamarekani waliligombania.

Usukani wa gari hilo la Marekani ulikuwa kushoto, na gia za mkono zilikuwa 4. Aliyenunua Ulaya alipata injini ile ile ya lita 2.4, lakini akapewa gia 5 na springi ngumu zaidi. Hata difu ilikuwa tofauti. Ya Marekani ilikuwa na uwiano wa 3.36, na ya Uingereza 3.9.

Usitishwe na tarakimu hizo. Maana yake ni kwamba katika gari la Uingereza shafti huzunguka karibu mara 4 ili gurudumu lizunguke mara 1. Gari la namna hiyo huchomoka upesi na hupanda mlima bila kulalamika, lakini injini yake hunguruma zaidi, na gia ya tano huja kuipunguzia kelele. Gari la Marekani huchelewa kidogo kuondoka, ila kwenye barabara pana iliyonyooka kwa mamia ya kilomita hutulia. Ni sawa na baiskeli ya kubebea mizigo na baiskeli ya mashindano. Zote ni baiskeli, lakini ukizibadilishana utataabika.

Sheria nazo ni fundi

Tofauti hizo ziliongezeka kadiri miaka ilivyosonga, na safari hii aliyeshika spana ni serikali. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya kusafisha hewa. Ikafuata amri kwamba magari ya kuanzia mwaka 1973 yawe na bampa za mbele ziwezazo kustahimili kugonga kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa. Kwa hivyo 240Z ya Marekani ya 1973 ikaja na bampa nzito na kabureta mpya zilizokusudiwa kupunguza moshi. Kabureta hizo ziliwatesa wenyewe. Siku za joto petroli ilichemka kabla ya kufika kwenye injini, na gari likasimama likikohoa. Wengi walizing'oa na kurudishia zile za zamani.

Mwaka 1974 Datsun 260Z ikachukua nafasi yake, na mwaka 1975 Marekani ikapewa 280Z, yenye injini ya lita 2.8 isiyotumia kabureta bali mfumo wa kupuliza petroli ndani ya injini. Ulaya ilibaki na 260Z na kabureta zake hadi mtindo huo ulipokoma 1978. Tazama basi, msomaji. Z ya 1976 iliyoko London na Z ya 1976 iliyoko Chicago hazina injini moja, hazina bampa moja wala hazilishwi petroli kwa njia moja. Ukiagiza spea kwa kutaja "Datsun Z ya 1976" tu, unacheza bahati nasibu.

Hata nguvu za farasi hazikuwa na lugha moja. Hadi 1971 Wamarekani walipima injini ikiwa uchi, bila ekzosi ya kawaida wala mizigo mingine inayoendeshwa na injini. Kuanzia magari ya 1972 wakaanza kuipima kama inavyokaa ndani ya gari. Hivyo 260Z ikaandikwa nguvu 139, na wengi wakadhani imepoteza nguvu nyingi kuliko ilivyokuwa kweli.

Na huku kwetu je?

Kwa sheria zetu, gari la usukani wa kushoto haliandikishwi Kenya, isipokuwa magari machache ya kazi maalumu. Isitoshe, gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Ndugu yako aliye Minnesota anayeota kukuletea Z yake aendelee tu kuota.

Hata hivyo, usidhani kwamba habari hizi ni za matajiri na magari ya makumbusho. Ukisafiri kutoka Kisii kupitia Rongo na Awendo hadi Migori na mpaka wa Isebania, au ukikata kona ya Rongo kuelekea Homa Bay, magari mengi madogo utakayoyaona yalitengenezewa wateja wa Japani. Miongoni mwao ni Toyota Probox, ambayo kule kwao ni gari la makampuni la kupelekea bidhaa. Huku imekuwa teksi, ambulensi ya kijiji na gari la kwenda mazishini. Pale Isebania utaona pia magari yenye nambari za Tanzania ambayo umri wake usingepita Mombasa, kwa sababu jirani zetu hawakatazi gari kuukuu bali hulitoza ushuru zaidi.

Gari la Japani lina mambo yake. Redio yake ilitengenezewa masafa ya FM yanayoanzia 76 na kuishia 90 au 95, ilhali yetu hufika 108. Ndiyo maana unaponunua gari hukosa stesheni nyingi unazozipenda hadi fundi aongeze kifaa kidogo. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni injini. Impreza WRX STI, ambayo vijana wa vyuo huifia, iliuzwa Marekani kuanzia 2003 ikiwa na injini ya lita 2.5. Ile ya Japani ya miaka hiyo hiyo ilikuwa ya lita 2.0, na ilitarajia petroli bora kabisa ya huko, yenye kiwango cha karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifikii hapo. Ukiilazimisha, injini huanza kugonga kwa ndani, na mwisho wake ni pistoni kutoboka.

Wala usichukue kitabu cha maelezo cha Marekani ukakisoma kama cha hapa. Wamarekani wana hesabu yao ya ubora wa petroli. Kiwango cha 91 kwenye pampu ya Marekani ni karibu sawa na 95 kwa hesabu ya Ulaya, ambayo ndiyo yetu pia.

Kuna na hewa yenyewe. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Migori iko juu zaidi. Kila mita 1,000 unazopanda, injini isiyo na taabo hupoteza takriban sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa vile hewa ni nyepesi. Ongeza udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare za Homa Bay, ambao mvua ikinyesha hunata kama gundi na jua likiwaka hupasuka, utaelewa kwa nini mafundi wetu huinua springi na kufunga bamba la chuma chini ya injini. Timu za Safari nazo zilikinga matumbo ya magari yao. Kwa hivyo fundi wa Migori hutengeneza toleo jingine la gari, ambalo Tokyo hawalijui.

Lakini toleo hilo lina hatari zake. Springi ngumu za nyuma haziongezi nguvu za breki. Gari la abiria 5 likibebeshwa 9, breki hubaki zile zile za abiria 5. Na kuna jambo lingine linaloua usiku. Baadhi ya spea za mitumba hutoka kwenye magari ya usukani wa kushoto. Taa ya gari la namna hiyo ikipunguzwa humulika zaidi upande wa kulia, yaani kwetu sisi, moja kwa moja kwenye macho ya dereva anayekuja. Taa iliyonunuliwa kwa bei nafuu inaweza kumpofusha mwenye bodaboda akaingia mtaroni.

Kabla hujatoa pesa

Mwalimu anayestaafu, au ndugu wanaochanga ili mdogo wao apate gari la biashara, hawana pesa za kununulia makosa. Basi uliza maswali machache. Kwanza, gari lilitengenezewa soko gani? Usitosheke na jina lililo mgongoni. Soma kibati kilicho ndani ya boneti chenye nambari ya chesisi na alama za injini, na uzinakili. Nambari hiyo ndiyo umpe muuza spea, si jina la gari. Pili, injini inataka petroli ya kiwango gani, na kwa hesabu ya nani? Tatu, spidomita inasoma maili au kilomita? Magari ya Uingereza husoma maili, na 60 ya huko ni karibu 97 yetu. Nne, usiku mmoja egesha gari mbele ya ukuta, uwashe taa ndogo ya mbele uone mwanga unaegemea wapi. Ukiegemea kulia, taa hiyo ing'olewe.

Mwisho, ikiwa gari limetoka nchi ya baridi ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu, rangi ya juu inaweza kung'aa huku chini kutu imekula chuma. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mnunuzi wa gari maneno hayo si fumbo. Chukua tochi, inama, utazame.